Tupeane uzoefu: Kisiwa cha Bugala, kwenda na kurudi siku hiyohiyo

Mtembezi wa Ntinda
Kikundi chetu cha Jumapili kimechoka na vilima vya Kampala. Watu wanataka visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria, hasa Kisiwa cha Bugala: kwenda na kurudi siku moja, kwa miguu, siyo kukaa ufukweni na spika. Mliokwenda, leteni habari.

Dada wa Entebbe
Kwa meli ya Nakiwogo, gati letu la Entebbe, sahau, ndugu yangu. MV Kalangala inaondoka saa nane mchana na kufika Lutoboka, gati la kisiwani, jioni. Kurudi ni kesho yake saa mbili asubuhi. Mimi naishi karibu na gati, huwa naona watu wamebeba kifuko cha chapati mbili wanauliza meli ya kurudi ni saa ngapi. Wakijibiwa wanatazamana tu.

Mama wa Masaka
Piteni kwetu. Tokeni Kampala alfajiri kabisa, Masaka mnywe chai, kisha gati la Bukakata. Feri ya kwenda Luku, upande wa kisiwani, hailipishwi, na kuvuka hakumalizi saa moja. Sisi tulikwenda akina mama wa kanisani, wengine na magauni yao ya gomesi. Tulishuka Luku tukafuata barabara ya vumbi jekundu, michikichi kulia na kushoto. Malori yanapita yamejaa mashada ya chikichi, mekundu yaliyoiva, yanadondosha punje njiani na watoto wanaokota. Kivuli kipo kidogo, kwa hiyo kofia na maji. Mkifika tu, muulizeni mfanyakazi wa feri chombo cha mwisho kinaondoka lini. Msimuulize boda, atawaambia mnachotaka kusikia.

Kijana wa Makindye
Mama, kwa heshima, kutembea kati ya michikichi kwa muda wa saa tatu ni adhabu. Mstari, mstari, mstari. Uzuri uko upande wa Lutoboka: unapanda kutoka gatini hadi mjini Kalangala, kipande kifupi lakini kikali, msituni tumbili wanakufokea, ukigeuka ziwa lote liko chini yako. Bora kulala usiku mmoja.

Halafu jambo la mitumbwi. Kuna mmoja alitaka kutuvusha tukiwa tumebanana kama mukene, dagaa wa ziwani, juani, majaketi ya kuokolea manne, sisi zaidi ya kumi. Tulishuka wote, akatutukana mpaka akachoka. Ile boti ya sherehe iliyozama upande wa Mukono Novemba 2018 iliua zaidi ya watu 30. Mwenye haraka aogelee.

Mzee wa Bombo
Vijana, mnabishana njia na hakuna aliyeuliza kisiwa chenyewe. Wasese ndio waliokuwa mafundi wa mitumbwi na wapiga makasia wa Kabaka, mfalme wa Buganda. Chombo chao hakikuwa na msumari: mbao zilitobolewa kingoni zikashonwa kwa nyuzi za mimea, na omo likapambwa kwa pembe za mnyama. Yule msafiri Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1875 aliikuta mitumbwi hiyo ikibeba askari. Mkisimama Lutoboka, mjue hiyo ghuba ilikuwa na kazi kabla ya hoteli.

Kisha yakaja malale. Mbung'o walijaa vichakani kando ya ziwa, watu wakafa kwa maelfu, na mwaka 1909 Waingereza wakawahamisha wakazi wa visiwani kwa lazima. Waliporuhusiwa kurudi, miaka mingi baadaye, wengi hawakuwapo tena wa kurudi. Mkikutana na mvuvi pale, muulizeni kwao wapi. Wengi watawatajia bara.

Dada wa Entebbe
Mzee, asante. Na mkikosa kabisa nafasi ya kisiwa, tembeeni hapa Kigungu, walipotua wamisionari Wakatoliki Padri Lourdel na Bruda Amans tarehe 17 Februari 1879 kwa mtumbwi. Si kisiwa, lakini unarudi nyumbani kwa chakula cha jioni.

Mtembezi wa Ntinda
Nimewasoma wote. Jumapili ya kwanza ni Bukakata na Luku, kwa wanaotaka kulala kwao. Lutoboka tutakwenda likizoni, tulale, na mzee wa Bombo akiwa na nafasi kiti chake cha mbele kwenye teksi kipo. Mama wa Masaka, hiyo chai ni kwa nani? Tuko watu kumi na sita.

Mama wa Masaka
Kumi na sita! Njooni na sukari.