Mrejesho: gesi ya kwenye Hiace, moto ulikuwa unafifia

Wakuu, ni yule wa Raskazone, Tanga, mwenye Hiace niliyoigeuza ya kulala. Nililalamika kwamba nikiwasha pleti ya pili ya jiko la gesi moto unafifia, na mtungi wa kilo 15 umejaa. Asanteni mno.

Nilianza na povu la sabuni mlivyosema: hakuna panapovuja. Nikabadili regulata (kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi ya mtungi), hela ikaenda bure. Kumbe ni mpira wa kupitisha gesi! Nyuma ya droo ulijikunja, ukabanwa hadi ukawa bapa kama chapati. Nimefunga mpya, nikaupitisha kwingine, nikapima tena kwa povu.

Pleti ya kulia sasa bluu tupu. Ya kushoto bado ina ncha za njano, dalili kwamba gesi haiungui vizuri, hata baada ya kusafisha nozeli (kitundu kinachotoa gesi). Hiyo siiwashi ndani ya gari mpaka fundi aione.