Viwavi kwenye mahindi, Nachingwea

Mama wa Nachingwea: Wakulima wenzangu, mahindi yangu yamefika magotini na moyo wa kila mche umetobolewa, umejaa kinyesi kama unga wa mbao. Ni viwavijeshi wale wa zamani au wavamizi? Naumia, hicho ndicho chakula cha wanangu.

Mkulima Masasi: Pole sana dada. Mtazame kichwani: alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyokaa mraba. Ukiyaona, ni mvamizi wa kutoka bara la Amerika. Aliripotiwa Afrika Magharibi 2016, kwetu 2017. Nondo wake husafiri usiku kwa upepo, mipaka haimzuii.

Babu Ruangwa: Mwanangu, dawa piga jioni, uielekeze ndani ya moyo wa mche. Mchana kiwavi kajificha. Mayai yaponde kwa vidole.

Mama wa Nachingwea: Y nimeiona. Asante babu, leo jioni naingia shambani.