Re: Kongamano Lisbon, niongeze siku ngapi?

Salamu wote. Kazini wananipeleka Lisbon kwa kongamano, Jumatano mpaka Ijumaa, tiketi na hoteli juu yao. Ureno sijawahi kufika, nataka niongeze siku mbili tatu nitembee kwa pesa yangu. Kuna aliyeshafanya hivi? Nina pasi ya Kenya, naishi Reading. Na halali inapatikana?

Dada wa Reading

---

Dada, waalaikum salaam. Kabla ya kutembea malizana na viza kwanza. Kibali chetu cha Uingereza hakituingizi Schengen (zile nchi za Ulaya zenye viza moja, Ureno imo), na wale wa ubalozini wakiona barua ya mwaliko inasema siku tatu wanaweza kukupa hizo hizo tatu na vijisiku vya juu, yalimkuta mwenzangu kazini akarudi Ijumaa usiku na hoteli ya wikendi keshailipia. Kwenye fomu jaza safari nzima tangu kuingia mpaka kutoka, bima nayo ifunike tarehe zote (matibabu yasipungue yuro 30,000), maana bima ya ofisi mara nyingi inaishia pale kazi inapoishia. Bosi mwandikie mapema, umtumie bei za tiketi za tarehe zote mbili azione kwa macho yake. Yangu ya Jumatatu ilikuwa rahisi kuliko ya Ijumaa jioni, basi hata hakuuliza.

Alafu siku zako ziweke mbele, usiziweke nyuma. Mie niliziweka nyuma na Jumamosi nzima nikalala kama gunia, siku tatu za kukodolea slaidi si mchezo.

Kama kongamano ni kule Parque das Nações ambako yanafanyika mengi, kutoka airport unapanda metro laini nyekundu, vituo vitatu unashuka Oriente. Na hapo ndipo utaanza kucheka, mtoto wa Mombasa. Duka kubwa linaitwa Vasco da Gama, mnara Vasco da Gama, na lile daraja refu la kilomita 17 hivi ukihesabu na njia zake nalo Vasco da Gama, walilifungua 1998, miaka 500 kamili tangu mwenyewe, yule nahodha wa Kireno, afike India. Sisi kwetu tuna ile nguzo yake tu Malindi. Mombasa alipopita Aprili 1498 hawakuelewana, akasogea Malindi akapata mwelekezaji wa kumvusha bahari, na 1505 Wareno wakarudi na manowari wakauchoma mji wetu. Haya katika matangazo ya watalii huyaoni.

Belém ndiyo usiikose, panda tramu ya 15 kutoka mjini. JUMATATU USIENDE, monasteri ya Jerónimos wanafunga. Ile monasteri walianza kuijenga 1501, na sehemu ya pesa ilitoka kwenye ushuru wa pilipili na viungo vya safari hizo hizo. Kanisani mie sikulipa, ua wa ndani ndio wenye tiketi na foleni. Ukiingia tu mlangoni, kaburi la Vasco hilo hapo, jiwe jeupe, kalazwa chali mikono kaifumba kifuani kama mtu asiye na neno na mtu. Nilisimama nikamtazama. Kikaja kikundi cha watalii kikapiga picha kikaenda zake, mie bado nipo, nawaza nimekulia dakika tano kutoka Fort Jesus ambayo wenziwe walianza kuijenga 1593, na bibi yangu mpaka anakufa alikuwa akiiita gereza. Natoka nje naona kibao kimeandikwa igreja, yaani kanisa. Neno letu gereza ndilo hilo, dada! Jioni mkahawani mhudumu ananionyesha mesa, nikakaa mezani bila tafsiri.

Na hapo mezani uwe macho. Watakuwekea mkate, zeituni, jibini, hujaagiza. Si ukarimu wa kwetu huo, ukigusa unalipa, na usipotaka mwambie tu aondoe, hakuna atakayenuna. Mie zeituni nilizimaliza zote nikijua za bure.

Mtaa wa Alfama tembea kwa miguu, vichochoro kama Mji wa Kale, tetemeko la 1755 halikuumaliza kama lilivyomaliza kule chini Baixa, ndo maana Baixa barabara zimenyooka kama rula. Viatu vya mchuchumio acha hotelini, vile vijiwe vya njiani vikiloa vinateleza kama bamia. Tramu 28 nzuri lakini wezi wa mifukoni wanaipenda kuliko watalii.

Kaka wa Leicester

---

Ahsante sana kaka, nishaandika tarehe upya. Ila la halali umeliruka.

Dada wa Reading

---

Kweli nimelisahau, zeituni zile bado zinaniuma. Nenda Martim Moniz, mtaa wa Benformoso, Wabangladeshi wamejaa, wali na nyama mpaka usiku. Msikiti mkubwa uko karibu na Praça de Espanha, ukiwa Oriente panda laini ile ile nyekundu mpaka mwisho, São Sebastião, hapo unatembea kidogo. Ijumaa niliyosali, niliyekaa naye safu moja ni mzee wa Msumbiji, nikamwamkia Kiswahili kwa kubahatisha akaniitikia, kumbe kwao kaskazini kabisa mpakani na Tanzania. Lakini Ijumaa wewe si uko kongamanoni, waulize ratiba yao mapema uone kama mchana utaweza kuchomoka.