Tupeane uzoefu: Uandishi wa kujitegemea ukikukatisha tamaa, unarudije kazini?

Ndugu waandishi wenzangu, nawasalimu.

Nimeona nianzishe mjadala huu kwa ajili yetu sisi tunaoishi kwa kuandika bila mwajiri. Aliyeajiriwa akipatwa na siku mbaya kazini, mshahara wake hauguswi kwa sababu hiyo, na pembeni yake yupo mwenzake wa kumnong'oneza kwamba bosi leo ameamka vibaya. Mwandishi wa kujitegemea makala yake ikikataliwa, habari anaipokea akiwa peke yake, na kipato cha mwezi kinapungua papo hapo. Maneno ya "usikate tamaa" tumeyasikia mno hata yamechuja, kwa hiyo ombi langu ni kwamba tusipeane mawaidha. Kila mchangiaji aeleze pigo alilolipata, kisha aeleze alichokifanya baada ya hapo, kwa undani wa kutosha mtu mwingine kuweza kukijaribu.

Nianze mimi. Nilikuwa na mteja aliyenipa makala kila mwezi kwa muda mrefu, kiasi kwamba nilikwishazoea kuyahesabu malipo yake kama mshahara. Kampuni ikapata mkuu mpya wa mawasiliano, naye akaja na waandishi wake. Barua pepe ya kuniaga ilikuwa na sentensi mbili, na ya pili ilinitakia kila la heri. Pengo la fedha lilinisumbua, lakini kilichonisumbua zaidi ni kwamba nilianza kuzisoma upya makala zangu za zamani nikitafuta kasoro, ilhali hakuna aliyekuwa amelalamikia hata moja. Kesho yake nilichukua karatasi nikaandika sababu niliyopewa, neno kwa neno, na chini yake nikaorodhesha sababu nilizojitungia mwenyewe. Ya kwao ilikuwa mstari mmoja, zangu zilijaza ukurasa. Hapo ndipo nilipoacha kuhangaika na uandishi wangu nikaanza kutafuta wateja, kwa kuwa kilichokuwa kimepungua ni wateja. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza, mwandishi wa makala za sayansi

Ahsante kwa mada. Mimi kilichokuwa kikinimaliza ni ukimya. Mhariri akikataa, angalau unajua umesimama wapi; lakini pendekezo la makala linapokwenda na kupotelea huko, unakaa wiki nzima ukifungua barua pepe kila baada ya dakika chache, na katika wiki hiyo huandiki kitu kingine chochote.

Kilichonisaidia ni daftari lenye safu tano: wazo, mahali lilipopelekwa, tarehe, jibu, na mahali litakapokwenda likikataliwa. Safu ya tano ndiyo muhimu, nami huijaza kabla sijalituma pendekezo mara ya kwanza. Sababu yake ni kwamba siku ya kukataliwa kichwa hakifanyi kazi. Ukisubiri siku hiyo ndipo ufikirie pa kulipeleka, utalifungia wazo zuri kabatini. Linapokuwa limekwishaandikiwa njia, ninachofanya ni kubadilisha aya ya kwanza ili ilingane na wasomaji wa chombo kipya, kisha nalituma siku ileile. Muda wa kusubiri ukipita, humwandikia mhariri ujumbe mmoja wa heshima wa kukumbushia. Asipojibu, namtaarifu kwamba naliondoa pendekezo langu na kulipeleka kwingine, ili wahariri wawili wasije wakaligombania.

Niongeze jambo ambalo wengi hatulijui tukiwa nje ya chumba cha habari. Makala nyingi hukataliwa kwa sababu zisizohusu uandishi kabisa: mhariri anayo nyingine inayofanana nayo, fungu la kuwalipa waandishi wa nje limekwisha, au jarida la kuchapishwa limekwishapanga kurasa zake miezi kadhaa mbele. Ukipeleka habari ya msimu wa mvua wakati mvua imeshaanza kunyesha, umechelewa hata kama umeiandika vizuri kuliko wote.

Mchangiaji wa pili, mwandishi kivuli

Kwangu pigo lilikuja kutokana na mafanikio. Niliandika kitabu kwa niaba ya mtu mwingine, nikalipwa kama tulivyokubaliana, na kitabu kikapokelewa vizuri. Siku moja nilikikuta kwenye rafu ya duka, nikafungua ukurasa wa shukrani. Walitajwa wazazi, mchapaji wa muswada na hata jirani mmoja aliyekuwa akileta chai. Mimi sikuwamo, na mkataba haukunipa haki ya kulalamika. Niliporudi mezani kuandika sura ya kitabu cha mteja mwingine, mikono ilikuwa mizito.

Nilifanya mabadiliko mawili. Kwanza, saa ya mwanzo ya asubuhi ikawa ya maandishi yangu mwenyewe, yawe mafupi namna gani, na kazi ya mteja inaanza baada ya hapo. Sikungoja nipate nafasi jioni, kwa sababu jioni mwandishi kivuli anakuwa amebakiwa na sauti za watu wengine kichwani. Pili, nilianza kudai katika mkataba ruhusa ya kuonyesha sehemu ya kazi kwa wateja watarajiwa. Bila ruhusa hiyo, unaweza kufanya kazi hii miaka mingi na bado ukaonekana mgeni kila unapoomba kazi mpya.

Mchangiaji wa tatu, mwandishi wa maandishi ya biashara na tovuti

Nasikitika kwamba hadi sasa hakuna aliyegusa akili mnemba. ChatGPT ilitolewa kwa umma Novemba 2022, na baada ya hapo baadhi ya wateja wangu waliacha kuniagiza maelezo ya bidhaa na makala fupi za tovuti. Wengine hawakusema neno. Mmoja alirudi baadaye akiniomba "ninyooshe kidogo" makala iliyoandikwa na programu, kwa sehemu ndogo ya bei ya zamani. Niliikubali. Aya zilikuwa laini na zimepangika vizuri, ila ndani yake kulikuwa na nukuu ya mtaalamu ambayo sikuiona popote nilipoitafuta, na takwimu isiyo na chanzo. Kuthibitisha sentensi moja moja kulinichukua muda mrefu kuliko kuiandika makala hiyo upya.

Kutokana na hilo nilibadilisha namna ya kutoza. Kazi ya kunyoosha maandishi ya mashine sasa naitoza kwa saa wala si kwa idadi ya maneno, na kabla ya kukubali naomba kuona kurasa zake mbili. Wapo walioondoka waliposikia hivyo. Pia nimesogea upande wa kazi zinazohitaji mtu kupiga simu, kuuliza swali la pili baada ya jibu la kwanza, na kusikia pale mhojiwa anaposita. Sisemi kwamba njia hii inamfaa kila mtu, wala kwamba kipato kimerudi kilipokuwa. Ninachoweza kusema ni kwamba hofu yangu imepungua tangu nilipotenganisha kazi ambazo mashine imezichukua na zile ambazo mteja bado ananitafuta mimi.

Mchangiaji wa nne, mwandishi wa makala ndefu

Naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia. Tunazungumza kuhusu ari kana kwamba ni ugonjwa wa moyo, ilhali mara nyingi tatizo ni ankara isiyolipwa. Makala yangu moja iliagizwa, nikaiandika, ikahaririwa mara mbili, kisha ikafutwa kwa sababu habari ilikuwa imepoa. Sikulipwa, kwa kuwa makubaliano yetu yalikuwa ya mdomo. Hakuna maneno matamu ambayo yangenirudisha kazini kwa furaha baada ya hapo.

Sasa siandiki neno kabla ya kupata maandishi yanayotaja kiwango cha malipo, tarehe ya kulipa, idadi ya masahihisho yaliyomo katika bei, na fidia nitakayopewa makala ikiagizwa kisha ikafutwa. Kwa kazi kubwa nadai malipo ya awali. Mwanzoni niliogopa kuonekana mkorofi, lakini wahariri wazoefu hawashangai hata kidogo; anayeshangaa ndiye wa kumwangalia mara mbili. Hata baadhi ya serikali zimeliona tatizo hili. Jiji la New York lilianza mwaka 2017 kutekeleza sheria inayomtaka mwenye kazi ampe mtu wa kujitegemea mkataba wa maandishi thamani ya kazi inapofika dola 800, na amlipe ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika iwapo mkataba hautaji tarehe. Wengi wetu hatuna sheria ya namna hiyo, hivyo mkataba wenyewe ndio kinga.

Mchangiaji wa tano

Naunga mkono hoja ya fedha, na kwa sababu hiyohiyo niliajiriwa. Kwa kipindi fulani nilifanya kazi isiyohusiana na uandishi, nikawa naandika usiku na siku za mapumziko. Baadhi ya marafiki walinihesabu kuwa nimeshindwa. Hata hivyo, kodi ya nyumba ilipoacha kutegemea makala, nilipata ujasiri wa kuzikataa kazi mbovu, na maandishi yangu yakawa bora. Kwa wanaoona aibu, Anthony Trollope wa Uingereza aliingia kazi ya posta mwaka 1834, akachapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1847 bila kupata wasomaji wa maana, na hakuiacha posta hadi mwaka 1867, wakati jina lake lilikuwa limekwishajulikana sana. Alikuwa akiandika alfajiri kabla ya kwenda kazini. Ratiba yake siiwezi, lakini mpangilio wake naukubali.

Mwanzisha mada

Nawashukuru nyote, na mchangiaji wa nne amenirekebisha vyema; huenda ukurasa wangu wa sababu ungekuwa mfupi zaidi kama ningekuwa na mkataba unaotaka taarifa ya mwezi mmoja kabla ya kusitisha kazi. Nina swali kwa ndugu mwandishi kivuli: hicho kifungu cha ruhusa unakiandikaje bila kumtia mteja hofu kwamba utaitoa siri yake?

Mchangiaji wa pili, mwandishi kivuli

Nakiandika hivi, na hadi sasa ni wachache waliokipinga: "Mwandishi anaruhusiwa kumwonyesha mteja mtarajiwa, kwa faragha na bila kumwachia nakala, kurasa zisizozidi kumi za kazi hii baada ya kuchapishwa, kwa sharti kwamba mteja huyo amesaini ahadi ya kutunza siri." Mteja akikataa kabisa, namwomba barua fupi ya kuthibitisha kwamba nilimfanyia kazi ya uandishi kwa kiwango cha kuridhisha, bila kutaja ni kazi gani. Barua hiyo huiomba siku anapopokea rasimu ya mwisho, kabla hajaanza kuisahau sehemu yangu.