Kikundi: Wana wa Bibi, Chumbageni

Jumamosi jioni

Mama Zuwena: Shikamoo mama. Shikamooni wakubwa. Mniwie radhi kwa ukimya, jana mpira wa maji uliganda tukaamka hatuna hata tone. Flagstaff hapa tuko mita 2,100 juu. Ile Lushoto ya mwezi wa saba tuliyokuwa tukiilalamikia ilikuwa joto.

Kaka Hamisi: Marahaba. Yaani nesi mzima, una nyumba Houston, unakwenda kuishi kwenye basi Arizona?

Mama Zuwena: Si basi kaka, gari-nyumba. Nyumba tumepangisha. Mikataba yangu ya hospitali ni wiki 13, na zamani nilikuwa naenda peke yangu. Salim kang'oka meno manne mimi namwona kwenye simu tu. Sasa mkataba ukiisha tunahama wote.

Bibi: (naandika mimi Siku) Bibi anasema marahaba. Anauliza choo kiko wapi

Kaka Hamisi: 😂😂 swali la maana hilo

Baba Zuwena: Shikamoo mama. Kimo humo humo ndani. Chini kuna matangi matatu: maji safi, maji ya kuogea na vyombo, na la choo. Kila siku tano sita nakwenda kuyamwaga kwenye shimo la kambi. Unaanza na la choo, halafu yale ya sabuni yapite kuusuuza mpira.

Mama Zuwena: Waambie siku ya kwanza

Baba Zuwena: Siku ya kwanza sikuukaza mpira. Tuishie hapo.

Kaka Hamisi: Hatuishii hapo

Mama Zuwena: Viatu alivitupa. Na suruali.

Da Rehema: Mimi choo hakinishughulishi. Watoto wanasoma wapi?

Mama Zuwena: Mezani dada. Makazi yetu kisheria bado ni Texas, na kule mtoto akisomeshwa nyumbani huhesabiwa yuko shule binafsi. Wanataka kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Mkaguzi haji.

Da Rehema: Haji?! Mimi nimekaa darasani miaka 31, mkaguzi akija bado daftari zilikuwa tupu.

Mama Zuwena: Basi nisikilize. Mwanzo niliiga shule kabisa, ratiba ukutani, kengele ya simu. Natoka zamu ya usiku, saa mbili asubuhi nafundisha sehemu. Siku ya nne nikalala juu ya daftari la Salim. Sasa hesabu ni za baba yao, mimi nasoma nao nikishaamka.
Masomo yameshika njia. Kilichotusumbua ni nafasi. Zuwena ana miaka 13, akinuna hana mlango wa kubamiza. Ana pazia. Juzi kalivuta kwa hasira likang'oka na fimbo yake, tukacheka wote isipokuwa yeye. Tukampa kiti cha mbele cha abiria. Gari likiwa limesimama, akikaa pale hasemeshwi na mtu.

Da Rehema: Hilo mmefanya vyema.

Bibi: Anauliza na mbwa?

Kaka Hamisi: Nilijua tutafika tu

Mama Zuwena: Mama, mbwa analala mbele kwa dereva. Mswala uko nyuma kwetu, huko hafiki. Anayekuja kuukalia ni paka.

Bibi: Paka hana neno

Baba Zuwena: Huyo mbwa ndiye mwenye makaratasi mengi kuliko sisi. Kambi nyingine wanauliza cheti chake cha chanjo ya kichaa kabla ya jina langu. Na tukitoka sote tunaacha kipimajoto kinachotuma ujumbe kwenye simu, umeme ukikatika wasije wakagandia ndani.

Kaka Hamisi: Kumbe na huko unakatika. Nimefarijika

Mama Zuwena: Salim anaomba simu.

Mama Zuwena: Shikamoo bibi ni Salim. tulikwenda Grand Canyon, lile korongo kubwa, BURE kwa sababu niko darasa la nne, darasa la nne wanapewa kadi na gari lote linaingia. mbwa anaruhusiwa juu ukingoni tu na kamba, chini haruhusiwi, baba akabaki naye. mimi na mama na zuwena tukashuka kidogo. kupanda ndio kazi. mawe ya juu yana miaka milioni 270 na ya chini kabisa karibu bilioni 1.8

Da Rehema: Marahaba Salim, mimi mama mkubwa. Hebu toa hizo namba mbili.

Mama Zuwena: milioni 1,530

Da Rehema: Umetumia kikokotoo?

Mama Zuwena: hapana 😒

Da Rehema: Vizuri. Sasa rudia ujumbe wako, kila sentensi ianze na herufi kubwa. Kuanzia wiki ijayo, Jumamosi saa kumi na moja jioni ya huku, wewe na dada yako, Kiswahili.

Mama Zuwena: Dada huku itakuwa saa moja asubuhi 🙈

Da Rehema: Ndiyo saa ya shule hiyo.

Baba Zuwena: Mkaguzi kapatikana

Bibi: Bibi anauliza mtarudi lini Houston, kuna mtoto wa jirani anakwenda

Mama Zuwena: Mkataba unaisha Januari mama, tutapita Houston inshallah. Kwa nini?

Bibi: Anatuma mikeka miwili. Mkubwa wa kuswalia. Mdogo wa huyo mbwa, ajue pake

Kaka Hamisi: Mama!

Bibi: Anasema asijibiwe, anakwenda kuswali