Maji yanatoka ya rangi gani?

*Kikundi: Ukoo wa Bibi, Magu na mjini*

Mama Kulwa: Mwangaluka. Naweka picha za lambo hapa, bwawa letu la kijiji. Nimepita asubuhi kwenda kwenye majaruba ya mpunga, nikakuta chini ya tuta, pale bomba la mfereji linapotokea, pamelowa na maji yanabubujika kidogo kidogo. Juzi palikuwa pakavu.

Mjomba Igoma: Mwangaluka dada. Hilo tuta linavuja tangu sijaoa. Msitie watu hofu bure.

Shangazi Nyakato: Wewe umeliona lini? Mara ya mwisho ulikuja msibani ukaondoka na basi la saa nane.

Mjomba Igoma: 😂😂 Haya yaishe.

Doto: Shikamooni wote. Mama, maji yanatoka ya rangi gani? Chota kwenye chupa ya plastiki, ile inayopitisha mwanga, iache itulie robo saa.

Mama Kulwa: Marahaba. Ngoja nirudi.

Mama Kulwa: Yako kama chai ya maziwa. Chini ya chupa pamekaa tope, unene wa kidole. [picha]

Doto: Basi hilo si la kusubiri. Mjomba, ni kweli kila tuta la udongo linapitisha maji kidogo. Yakiwa meupe na hayaongezeki, unaweka kijiti cha alama unaangalia kila siku. Yakitoka na udongo, maana yake yanalila tuta kwa ndani. Yanaanza kuchimba huku nyuma yanakotokea, tundu linarudi taratibu kuelekea kwenye lambo. Likipanuka maji yanaongeza kasi, na kasi ndiyo inabeba udongo zaidi. Siku tundu likifika upande wa pili hakuna wa kulizuia.

Mjomba Igoma: Lakini mwanangu, miaka yote hiyo udongo si umeshashikana?

Bibi: 🎤 [Kulwa kaandika alichosema Bibi] "Nyie mmezaliwa mkalikuta. Tulilijenga sisi, tulipohamishiwa vijijini. Udongo tulibeba kwa karai na kwa kichwa, tukapitisha ng'ombe juu washindilie kwa kwato. Kuzunguka lile bomba la chuma ng'ombe hawakufika, tulikanyaga kwa miguu tu. Nilisema wakati ule."

Doto: Bibi shikamoo, umemaliza kazi yangu. Palipopita bomba ndipo matuta mengi yanapoharibikia, kwa sababu kushindilia udongo kando ya bomba ni shida. Na chuma cha zamani kile kitakuwa kimeshaliwa na kutu.

Kulwa: Kuna bwawa la udongo Marekani, Teton, jimbo la Idaho, Juni 5, 1976. Asubuhi mnamo saa 1 na nusu waliona maji ya tope yanatoka. Walipeleka mabuldoza kuziba. Saa 6 kasoro dakika 3 mchana tuta lilikuwa limekwenda. Watu 11 walikufa. Na lilikuwa jipya, ndiyo kwanza linajazwa.

Mjomba Igoma: Kulwa na Marekani yako.

Doto: Ya jirani basi. Solai, Nakuru, Kenya, Mei 9, 2018. Bwawa la shamba, tuta la udongo, mvua za masika kama hizi. Lilipasuka usiku, likaua watu zaidi ya 40. Wengi walikuwa ndani ya nyumba zao.

Mama Mdogo Sengerema: *Imesambazwa mara nyingi:* "MAI MAHIU 2024 BWAWA LILIPASUKA, SAMBAZA KABLA HAWAJAFUTA"

Doto: Mama mdogo, ile haikuwa bwawa. Ni kalvati chini ya reli lilizibwa na magogo na tope, maji yakajikusanya nyuma yake hadi yakaachia. Maafa yalikuwepo kweli, ila tusiyachanganye.

Shangazi Nyakato: Mama Kulwa, kwenye picha ya pili naona viroba kwenye utoro wa maji, pale yanapotokea yaliyozidi. Nani kaweka?

Mama Kulwa: Shangazi, hilo usiniulize mimi.

Baba Mkubwa: Mnaniongelea nami nimo humu humu. Viroba tuliweka sisi kamati ya mpunga. Mwaka jana mvua ilikatika mpunga ukiwa unachanua, watu wakavuna makapi. Tukasema mwaka huu tuinue maji kidogo yatufikishe Juni. Mlitaka tufanye nini? Wa mjini mnanunua mchele dukani.

Doto: Shikamoo baba mkubwa. Shida ya mpunga naielewa, na si wewe peke yako, karibu kila lambo nililokwenda kikazi nimekuta viroba kwenye utoro. Lakini utoro ndio mlango wa usalama. Ukiuinua umeongeza uzito wa maji unaosukuma lile tundu, na umebakiza nafasi ndogo mpaka juu ya tuta. Pale ng'ombe wanapovukia tuta limeshashuka. Ikinyesha mvua moja kubwa usiku, maji yanapita juu hapo hapo. Tuta la udongo likipitiwa na maji kwa juu linakatika.

Baba Mkubwa: Marahaba. Haya, vitoke. Vijana nitawaita sasa hivi.

Doto: Asante sana. Vitolewe safu moja moja, msifungue vyote kwa mpigo, maji yatauchimba utoro wenyewe.

Mjomba Igoma: Si mkate tu tuta pembeni maji yaende zake? Nina mtu wa trekta.

Doto: HAPANA mjomba. Ukishalikata maji yatalipanua yenyewe, huwezi kuyaambia basi.

Baba Mkubwa: Na hapo panapovuja tuzibe na mfinyanzi?

Doto: Hapana pia. Ukiziba yatatafuta pengine pa kutokea, na hutapaona. Yaache yapite, ila yaache udongo wake. Mwaga mchanga mkali ulio safi pale panapobubujika, juu yake kokoto, juu ya kokoto mawe ya kukandamiza. Hilo ni chujio. Mlango wa bomba msiuguse, bomba lenyewe ndilo mgonjwa. Zile pampu za dizeli za majaruba zihamishiwe lambo, zivute maji yamwagwe mbali na tuta.

Kulwa: Na mashimo ya kenge? Yako mawili makubwa upande wa mikaratusi. Nimesoma mfereji wa Truckee kule Nevada, ukingo wa udongo wa miaka zaidi ya mia, ulipasuka Januari 2008 kwa sababu ya mashimo ya wanyama wachimbaji. Nyumba kama 590 zikaingia maji.

Doto: Piga picha uweke alama, msiyafukue leo. Na mikaratusi isikatwe kwa hasira. Mti ukikatwa mizizi inaoza, inabaki mirija ndani ya tuta. Wale wanaochimba udongo wa tofali chini ya tuta, hao wasimamishwe leo leo. Wanaondoa kitu kinacholishikilia.

Shangazi Nyakato: Serikali inajua?

Doto: Mama Kulwa amwone mwenyekiti na mtendaji. Mimi napiga Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, wako hapa Mwanza. Usalama wa mabwawa umo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, hatuombi hisani. Likiachia kabla hawajafika, 114 zimamoto. Na nyumba za bondeni wasilale huko leo.

Mama Mdogo Sengerema: 2020 ziwa lilijaa hadi mwaloni kwetu na hatukuhama.

Doto: Ziwa linapanda kwa miezi, mama mdogo. Lambo linaondoka kwa saa moja.

Mama Kulwa: Mwenyekiti kakubali. Watu watalala shuleni. Sungusungu wanne watakesha na tochi na filimbi, wanapokezana.

*Jumapili*

Mama Kulwa: Mvua haikunyesha, Mungu mkubwa. Viroba vimetoka, pampu zimekesha. Mchanga na kokoto tumeweka. Chupa ya leo hii hapa. [picha]

Doto: Imekuwa nyepesi, lakini bado ina vumbi chini. Watu waendelee kulala shuleni.

Kulwa: Mtaalamu wa bonde kafika. Kasema maji yashuke hadi chini ya nusu, kidogo kidogo kila siku, sio ghafla, upande wa ndani usije ukaporomoka. Kiangazi bomba litafukuliwa liwekwe jipya, udongo ushindiliwe kwa tabaka. Gharama wataijadili na halmashauri.

Baba Mkubwa: Na mpunga?

Kulwa: Nimemuuliza. Majaruba ya juu yatapata maji ya pampu. Ya chini kabisa huenda yakakosa.

Baba Mkubwa: Ya chini ni yangu.

Shangazi Nyakato: Tutagawana mchele, kaka. Natuma elfu hamsini ya dizeli kwa Mama Kulwa. Mjomba wa Igoma?

Mjomba Igoma: Mimi nalipa lori la mawe. Limeshatoka Kisesa, linafika saa kumi.

Doto: Mjomba asante. Dereva apite njia ya zahanati, asipande juu ya tuta.

Mama Kulwa: Nimesimama hapa na fimbo. Hapandi mtu.