Gumegume au fataki? Bunduki ndefu ya Lancaster niliyokabidhiwa wiki hii

Mwenye mada
Ndugu wanajamvi, hatimaye fundi amenikabidhi bunduki yangu ya kushindilia, iliyochongwa kwa mtindo wa Lancaster, Pennsylvania, wa miaka ya 1770. Mbao yake ni ya mti wa mepo, ambayo aliipaka asidi iliyoyeyusha chuma na kuipasha moto hadi milia yake ikajitokeza, hata ukiigeuza kwenye mwanga utadhani inatembea. Mtutu ni wa pembe nane, inchi 42, kaliba (kipenyo cha ndani) .50 ya inchi. Nilichagua gumegume, inayowasha baruti kwa cheche za jiwe, nikaacha fataki, inayoiwasha kwa kikofia kidogo cha kulipuka kinachogongwa na nyundo, na nafsi bado inanisuta. Mngechagua ipi?

Mkaazi wa Pittsburgh
Hongera. Fataki ilikuja karne ya 19, kwa hiyo kuifunga kwenye bunduki ya enzi hiyo ni sawa na kutia injini kwenye ngalawa. Tena hapa Pennsylvania msimu wa kulungu wa baada ya Krismasi unadai gumegume, hivyo mwenye fataki hubaki nyumbani.

Mzee wa Baruti
Naheshimu historia, lakini siku ya manyunyu fataki huwaka, ilhali baruti ya gumegume iliyo kwenye kifa, kile kibakuli kidogo kando ya mtutu, hunyonya unyevu ikawa uji. Isitoshe, mwako ule wa pembeni mwa jicho ulinizoesha kufumba macho kabla ya mlio, na kuiacha tabia hiyo kulinichukua msimu mzima. Ningechukua fataki, na kaliba ya .54, kwani risasi yake ya mviringo hukaribia gramu 15 wakati ya .50 haifiki 12.

Mjukuu wa Tabora
Babu alikuwa na gobore, ila mtutu wake ulikuwa laini ndani; huu wenu una mifereji inayoizungusha risasi iliyovikwa kitambaa, ndiyo maana hulenga mbali zaidi. Mtutu umenyooka, au umekonda katikati?

Mwenye mada
Umekonda katikati na kutanuka kidogo mdomoni. Niliushika ule ulionyooka kwanza, ukaniinamisha mkono kama ndoo iliyojaa. Huu hutulia wenyewe begani. Kuhusu manyunyu, Mzee, nimekubali, nami nimeshona kifuniko cha ngozi cha kuufunika mtambo. Jana nilifyatua mara kumi na mbili: mbili za kwanza ziliwaka kwenye kifa tu, kwa sababu nilijaza baruti hadi ikaziba tundu la kupitishia moto mtutuni. Nilipoipunguza ikabaki chini ya tundu, kumi zilizofuata zote zililia.